Salamu za Pasaka, na kumbukumbu ya Mama yetu

Kristo amefufuka, wapendwa! Amefufuka kweli kweli, aleluya!

Shangazi zetu, wajomba, ndugu na jamaa wote, na ninyi wanajumuiya mliokesha nasi siku za msiba, pokeeni salamu zetu za Pasaka. Ni Pasaka ya kwanza bila Mama. Baadhi yenu mmetuuliza kwa upole kama mwaka huu tutasherehekea. Ndiyo, tutasherehekea. Mama alikuwa akisema Kwaresima ina mwisho wake, na asingefurahi kutuona tumekaa na nyuso za Ijumaa Kuu mpaka Pentekoste.

Katika Mkesha, Mshumaa wa Pasaka ulipoingizwa kanisani gizani na sauti ikaimba "Mwanga wa Kristo", macho yangu yalijaa machozi. Mshumaa huo huwashwa mtu anapobatizwa, na husimamishwa karibu na jeneza anapoagwa. Mama aliingia katika Kanisa kwa mwanga huo, na kwa mwanga huohuo tukamsindikiza. Nilisikia maneno mengi mazuri ya rambirambi, na nawashukuru wote walioyasema, lakini hakuna lililonituliza moyo kama hilo.

Kisha ikasomwa habari ya wanawake waliokwenda kaburini alfajiri. Marko anawataja: Maria Magdalena, Maria mama wa Yakobo, na Salome. Walikuwa wamenunua manukato wakaupake mwili wa Bwana. Njiani wakaulizana nani atawaviringishia lile jiwe, maana lilikuwa kubwa mno. Hawakuwa na jibu, na bado walikwenda. Hapo ndipo nilipomwona Mama waziwazi. Akisikia kuna mgonjwa, hakusubiri ijulikane nani ana nauli, nani ana nafasi, nani atapika. Alijifunga kanga yake akatoka, na mambo mengine yakapangika akiwa huko huko. Habari njema ya Ufufuko iliwafikia kwanza watu waliokuwa wametoka kwenda kumhudumia marehemu, kazi isiyo na sifa wala malipo. Naamini hilo halikutokea kwa bahati.

Wengi mlimjua kwa rozari yake na kwa vitambaa vya altare alivyovifua na kuvipiga pasi hadi vikang'aa. Sisi wanawe tulidhani tunamjua zaidi. Siku ya mazishi wakaja watu ambao hatujawahi kuwaona: mama ambaye mtoto wake alilelewa na Mama wakati yeye amelazwa, kijana aliyefundishwa sala za kipaimara kwa subira pale wengine walipomkatia tamaa, mzee aliyekuwa akiletewa Komunyo nyumbani na Mama akawa anabaki nyuma ili amsikilize tu. Katika Matendo ya Mitume tunasoma juu ya Tabitha, yaani Dorkas, wa Yopa. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kila mmoja alikuja na ushahidi wake mkononi, na hatukuweza kulia kwa huzuni peke yake. Tulilia pia kwa shukrani.

Mtakatifu Monika alimlilia Mungu miaka mingi kwa ajili ya mwanawe Augustino, hadi akashuhudia akibatizwa na Askofu Ambrosi huko Milano, Pasaka ya mwaka 387. Mwaka huohuo akafariki Ostia, bandari ya Roma, wakiwa safarini kurudi Afrika. Aliwaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kumzika. Aliomba tu wamkumbuke kwenye altare ya Bwana, popote watakapokuwa. Mama alimpenda sana mtakatifu huyu, na mimi sasa naelewa kwa nini. Basi nanyi, popote mtakaposali Misa katika siku hizi hamsini za Pasaka, tunawaomba mumtaje.

Kuna ombi jingine. Daftari lake la wagonjwa wa jumuiya liko kwetu, na wakwe zake wameshaanza kuwatembelea kwa zamu. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa au mzee asiyeweza kufika kanisani, tuambie bila kuona haya, tuliandike jina lake.

Na ninyi mliofiwa na mama zenu mwaka huu, ambao "aleluya" imewakwama kooni, imbeni hata kwa sauti ya chini. Sisi tutaimba pamoja nanyi.

Padre wetu, makatekista, wanakwaya, akina mama wote wa jumuiya: Mungu awalipe kwa yote mliyotutendea. Tunawatakia heri na baraka za Pasaka, afya njema na amani nyumbani mwenu.

Ni sisi, watoto na wajukuu wa Mama.