Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kunguru na Matundu Yetu

Wanachama wenzangu, assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Fedha atazisoma mweka hazina, maana yeye ndiye ajuaye zilikokwenda. Habari za chanjo na chakula cha kuku zimo katika karatasi mliyogawiwa. Mimi nitazungumzia kunguru, kwa kuwa simu nyingi nilizopigiwa mwaka huu zilikuwa za kunguru.

Huyu mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ale takataka za mji, na kufikia 1947 alikwishaonekana Mombasa. Sasa pwani yote ameifanya yake. Anabeba vifaranga, anatoboa mayai, na viota vya chozi na mnana havisalimiki kwake. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya lilitangaza nia ya kuwaondoa kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Sumu inayotumika kwa kazi hiyo ni ya wenye kibali. Mwanachama atakayepaka dawa ya wadudu kwenye matumbo ya samaki atolewe chamani, kwa sababu dawa ile humuua paka wa jirani na kuku wako mwenyewe.

Sisi tulichagua matundu ya kutegea. Fundi alitutengenezea mawili ya mbao na waya, marefu kiasi cha mtu mzima kusimama ndani. Paa limebonyea katikati kama pakacha, na chini ya ule ubonyevu pana mwanya. Kunguru hukunja mabawa akadondoka ndani. Akitaka kutoka lazima aruke, na akishakunjua mabawa hapenyi tena. Wiki ya kwanza tuliacha mlango wazi na matumbo ya samaki tele, wakawa wanaingia na kutoka kama kwao. Ndipo tukafunga, tukabakisha wachache ndani wawe chambo, maana kunguru akiona mwenzake anakula hana subira. Husemwa kunguru hafugiki. Hawa wa chambo wanataka matunzo kuliko kuku: maji safi, chakula, kivuli cha makuti, vijiti vya kutulia.

Na hapo ndipo tulipoteleza. Wakati wa kaskazi, tundu la jaani lilikaa siku mbili bila mtu. Nilipofika nilikuta ndoo imepinduka na makuti yamepeperushwa. Mmoja alikuwa amekufa mdomo wazi, ulimi mkavu kama kipande cha gome. Waliobaki walijibanza kwenye kivuli cha nguzo, chembamba kama upindo wa leso, na kivuli kikisogea nao wanasogea. Mwenye zamu simtaji. Mimi nami nilipaswa kupita.

Baadhi yenu mliniambia, mwenyekiti, kunguru si ni katika wale wanyama watano wanaouawa hata ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka? Kweli, hadithi hiyo ipo. Ya yule mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, nayo ipo, na mnajua aliishia motoni. Ruhusa ya kuua haikuja na ruhusa ya kuua kwa kiu.

Tangu siku ile tundu hukaguliwa asubuhi na magharibi. Asiyeweza zamu aseme mapema, mlango ufunguliwe, kunguru waende zao. Kuua ni baada ya giza kuingia, mmoja mmoja, mbali na wenzake, shingo ivunjwe mara moja, na mkono uwe wa waliofundishwa tu. Giza lina faida nyingine: kunguru hukumbuka uso. Kijana wetu mmoja alifanya kazi hiyo mchana kweupe, na hadi leo akipita jaani wanamshukia kichwani. Kanunua helmeti ya bodaboda, na bodaboda hana.

Kunguru wa asili, yule wa kifua cheupe, akiingia aachiwe. Mwewe pia; tulimtoa mmoja kwa gunia na glavu. Wapo walionung'unika kwamba mwewe naye anakula vifaranga. Anakula, lakini yeye ni mwenyeji. Funikeni mabanda wavu.

Je, kunguru wamepungua? Kwa wenye mabanda ya wavu, hasara imepungua. Jaani sioni tofauti kubwa, na sitawadanganya. Unguja waliwapunguza sana miaka ya 1990, kazi iliposimama wakarudi. Matumbo ya samaki yakiendelea kumwagwa wazi, tutatega hadi wajukuu wetu watege. Ndiyo maana kamati inaomba fedha za tundu la tatu ziende kwenye mapipa yenye vifuniko kwa wachuuzi wa samaki. Mtapiga kura baada ya chai.

Funguo za tundu la jaani ninazo mimi. Zamu ya wiki ijayo haina mtu. Anayeitaka aje na ndoo nzito, isiyopinduka.