Msitutishe na bahari, tuambieni kuhusu majivu yaliyo chini ya nyumba zetu

Kwako Mhariri,

Kila masika yanapokolea na ardhi ikapasuka mahali fulani katika Bonde la Ufa, magazeti na redio huimba wimbo mmoja: Afrika inagawanyika, bahari inakuja. Mimi ni mwashi hapa Nakuru, na habari kama hizo zikitoka simu yangu hailali. Wenye ploti wananiuliza kama waendelee na msingi au wauze warudi kwao. Mama mmoja wa Kaptembwa alisimamisha mjengo uliokuwa umeshafika kwenye linta kwa sababu alisikia kwamba mji huu utakuwa kisiwa. Fedha zake za chama zimelala pale, mvua inazinyeshea.

Kwamba bara linaachana, sibishi. Ganda la dunia limegawanyika mabamba, yaani vipande vikubwa vinavyosogea, na sisi tunaishi pale ambapo mawili yanatengana: la Nubia upande wa magharibi na la Somalia upande wa mashariki. Chini yake kuna joto jingi linalosukuma juu. Ganda likavutwa, likawa jembamba, likakatika kwa mistari mirefu, na sehemu ya katikati ikazama. Ndiyo maana ukisimama Lanet unaiona milima ya Bahati upande mmoja na Mau upande wa pili, na sisi tuko chini, sakafuni. Lakini kasi ya kuachana huko hapa Kenya ni milimita chache tu kwa mwaka. Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alipita katika bonde hili mwaka 1893 na kuwaeleza walimwengu jinsi lilivyotokea. Tangu siku zake mpaka leo, upana ulioongezeka haujafika mita moja. Bahari ya kufika hapa inahitaji mamilioni ya miaka. Wajukuu wa vitukuu vya yule mama wa Kaptembwa watazaliwa, watazeeka na kuzikwa kabla hata dalili yake haijaonekana.

Sasa ule ufa wa Mai Mahiu wa Machi 2018, uliokata barabara ya kwenda Narok, ulitoka wapi? Picha zake zilizunguka dunia nzima, na ni kweli ulikuwa wa kutisha, mahali pengine kina chake kilifika mita 15 hivi. Wanajiolojia kadhaa walieleza jambo ambalo fundi yeyote wa huku analielewa mara moja. Pale pana mipasuko ya zamani iliyojazwa majivu mepesi ya volkeno. Mvua kubwa iliponyesha, maji yalipita chini kwa chini yakayabeba majivu hayo, pakabaki pango, kisha dari la pango likaanguka. Bara halikuruka mita kumi usiku mmoja. Kilichofanyika ni kwamba maji yalifukua kilichokuwa kimefunikwa. Maelezo hayo yalichapishwa, lakini yalikuja siku kadhaa baada ya vichwa vya habari vya bahari, na kwa herufi ndogo.

Nakuru tuna hali hiyohiyo chini ya miguu yetu, na hilo ndilo ninalotaka wasomaji wako walijue. Nikichimba shimo la choo upande wa Kaptembwa au Rhonda, kwanza napita udongo wa shamba. Halafu sururu inaanza kuzama bila nguvu: hayo ni majivu ya volkeno, ya kijivu, laini kama unga, ukiyapuliza yanapaa. Katikati yake kuna tabaka za pumisi, vijiwe vilivyojaa matundu ya gesi, ambavyo ukivitia kwenye karai la maji vinaelea. Chini zaidi, ukibahatika, unagonga tufu, yaani majivu yaliyoshikamana yakawa jiwe. Hilo ndilo jiwe tunalolikata na kupandishia kuta nyingi za mji huu. Ukilifikia, weka msingi ukalale. Usipolifikia, mwaga mtungi mmoja wa maji chini ya shimo na utazame. Maji yakitoweka kabla hujanyoosha mgongo, usimwage zege hapo. Sogea, au chimba zaidi.

Nitatoa mfano mmoja, na wahusika sitawataja. Kijana mmoja alinunua ploti wakati wa kiangazi, ikiwa tambarare kama meza, imemwagiwa maramu na kushindiliwa. Tulijenga. Masika yalipofika choo kilianguka kwanza. Halafu ukuta wa chumba cha kulala ukachanika mshazari, kuanzia pembe ya dirisha mpaka kwenye msingi, mkono wangu ukaingia mpaka kiwiko. Tulipofukua nje ya ukuta tulikuta magodoro mabovu, mifuko ya plastiki, vipande vya matofali na mataulo ya mtumba. Aliyemuuzia alikuwa ameujaza mpasuko takataka, akausawazisha, akachukua pesa. Majirani wa siku nyingi walijua. Walikumbuka hata mwelekeo wake, kwa sababu mipasuko ya hapa kwa kawaida hufuata mkondo wa bonde lenyewe, kaskazini kwenda kusini, na ulikuwa umewahi kumeza kichochoro ploti chache mbele. Hakuna aliyeulizwa.

Mimi kwetu ni Seme, Kaunti ya Kisumu, na huko shida hii haipo kabisa. Mtu aliyefika Kit Mikayi ameona yale mawe makubwa yaliyopandana kando ya barabara ya Bondo. Hiyo ni graniti. Lilikuwa jiwe la moto lililoyeyuka, likapoa polepole sana ndani kabisa ya ardhi, ndiyo maana chembe zake ni kubwa na unaziona kwa macho: kwatzi inayong'aa kama kioo, feldispa, maika inayometameta. Miamba ya ukanda ule imepita miaka bilioni 2. Volkeno ya Menengai hapa juu yetu ni kitoto, mlima wake ulianza kujengeka miaka laki mbili hivi iliyopita. Huko nyumbani kazi ya msingi ni nyundo kurudi mkononi. Ukichimba shimo la futi nne umeshinda siku. Umri huo mkubwa wa miamba ya magharibi pia ndio unaoeleza kwa nini dhahabu ilitafutwa Kakamega miaka ya 1930, na kwa nini watu wanaichimba Migori hadi leo, wala si hapa. Vijana wa Nakuru wananiletea mawe meusi yanayong'aa wakidhani ni mali. Ni obsidiani, lava iliyopoa haraka mno hata chembe zisipate nafasi ya kuota. Inakata kidole kama wembe. Watu wa kale waliitumia kwa shoka zao pale Kariandusi karibu na Gilgil, kwa hiyo ina heshima yake, ila haina bei.

Nayasema haya kwa sababu fundi aliyezoea Seme akihamia Nakuru na kuchimba kama alivyozoea, atajenga juu ya unga. Na mwenye nyumba hatajua tofauti mpaka mvua imweleze.

Sisemi kwamba mabamba hayana madhara. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la Subukia, ambalo ukubwa wake unakadiriwa kuwa 6.9, lilipasua ardhi chini ya ukingo wa Laikipia kwa urefu wa zaidi ya kilomita 30. Hapa jirani tu. Wakati ule palikuwa na mashamba na nyumba chache. Leo jiji letu lina maghorofa ambayo nguzo zake nimeziona zikifungwa nondo nyembamba nikanyamazishwa. Hilo ndilo swali ambalo ningependa kulisoma ukurasa wa kwanza: majengo ya Nakuru yamejengwa kustahimili tetemeko kama la 1928? Si lini tutapata ufuo.

Kuna pia maji. Miamba hii ya volkeno inatoa floraidi, na visima vingi vya bonde hili vinaizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watoto wetu si uchafu, ni floraidi, na kuchemsha maji hakuiondoi floraidi. Chujio la makaa ya mifupa huipunguza, na hutengenezwa papa hapa Nakuru. Hii nayo ni habari ya Bonde la Ufa, na inamhusu mtoto anayekunywa maji leo asubuhi.

Mhariri, ombi langu kwako ni hili. Ufa ukitokea tena, mtume mwandishi pamoja na mwanajiolojia, aulize maji yametoka wapi, yameelekea wapi, na nani alijua. Mara nyingi atakuta mtaro wa barabara umeelekezwa kwenye shimo ambalo wakazi wanalifurahia kwa sababu "linakunywa maji yote". Maji hayo hayapotei. Yanachonga chini ya nyumba ya mtu.

Kwa serikali ya kaunti: ramani ya miamba na mipasuko ya eneo hili, kuanzia Nakuru hadi Nyahururu na Bogoria, ilichapishwa na serikali tangu mwaka 1967. Ichoreni upya kwa kiwango cha mitaa, muongeze mipasuko iliyofunguka baadaye, kisha ibandikwe katika kila ofisi ya wadi mahali mnunuzi wa ploti atakapoiona kabla hajatoa hata shilingi. Anayeidhinisha ramani ya nyumba adai kwanza shimo la majaribio, alitazame kwa macho yake. Na muuzaji anayefukia mpasuko kwa takataka ashtakiwe kama anayeuza shamba la mwenzake, kwa maana hasara ni ileile.

Mafundi wa hapa tunaijua mistari hiyo, mtaa kwa mtaa. Hatujawahi kuitwa kwenye mkutano wowote wa mipango ya mji. Tukiitwa tutakuja, na tutakuja na sururu zetu.

Mwashi,
Kaptembwa, Nakuru