Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kitabu Kimoja kwa Zamu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wasomaji, assalaam alaykum.

Taarifa hii huanza na hesabu za ada na idadi ya vikao. Mwaka huu naomba mniwie radhi nianze na kitabu kilichopo hapa mezani, kwa sababu karibu kila jambo la maana lililotupitia tangu mkutano mkuu uliopita limetoka ndani yake.

Mnakijua. Ni nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale ya marehemu Muhammed Said Abdulla, aliyoipata Katibu wetu Dar es Salaam kwenye meza ya vitabu vya mitumba. Alitajiwa bei kubwa, akakaa kitako mpaka akakiondoa kwa shilingi 4,000. Jalada si lake la asili. Mwenyewe wa zamani alikata kadi ya boksi akaishona kwa uzi wa viatu, mishono sita mikubwa isiyolingana. Ukurasa wa kwanza una muhuri wa skuli uliofifia hata hausomeki, na chini yake majina manne ya wanafunzi, kila jina limekatwa kwa kalamu ya aliyefuata. Kwa hiyo kabla hakijatufikia sisi, kitabu hiki kilikuwa kimeshazoea kwenda kwa zamu.

Tulikuwa na pesa za kununua vitabu vipya vitatu au vinne, na wako wanachama waliosema wazi kwamba kutumia vikao vyetu kwa kitabu kimoja chakavu ni kujinyima. Kamati iliamua vingine kwa sababu moja: hii ndiyo riwaya ya upelelezi tunayoisifia sote, na tulipoulizana kwa kunyoosha mikono nani ameisoma mpaka mwisho, ikaonekana wengi wetu tunamjua mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake kwa kuhadithiwa tu.

Kwa wanachama wapya, maneno machache kuhusu mwandishi. Alizaliwa Makunduchi, hapa Unguja, mwaka 1918. Baada ya masomo alifanya kazi ya bwana afya kwa karibu miaka kumi, kisha mwaka 1948 akaingia kwenye magazeti, akawa mhariri wa Zanzibari na baadaye mhariri msaidizi wa magazeti mengine ya hapa, likiwamo Al Falaq. Hadithi hii ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Mimi naamini ule ubwana afya umo ndani ya kila ukurasa. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuingia nyua za watu, kufunua mitungi na kutazama nyuma ya nyumba hajifunzi upelelezi kwenye vitabu peke yake. Anajua kwamba watu hufagia mbele ya mlango na kusahau uchochoro.

Kwetu sisi kitabu hiki kimekuwa cha historia bila mwandishi kukusudia. Alipokuwa akiandika, alikuwa akiandika mambo ya siku zake. Mwaka kilipotoka ndio mwaka aliofariki Sultani Khalifa bin Haroub, aliyekuwa kwenye kiti tangu 1911. Miaka isiyotimia minne baadaye yakaja Mapinduzi. Wengi wetu tuliomo humu ukumbini tumezaliwa baada ya hapo. Tunapomfuata Bwana Msa na rafiki yake Najum, tunatembea kwenye Unguja ambayo hatukuiona, na dalili zilizokuwa bayana kwa msomaji wa 1960 sisi zinatupita.

Utaratibu wa zamu uliwekwa hivi. Kila msomaji alipewa wiki mbili. Theluthi mbili ya kitabu ikipita, Katibu alifunga uzi mwekundu kwenye ukurasa. Ukifika kwenye uzi unasimama, unaandika kwenye karatasi jina la unayemshuku na sababu yako, unaitia kwenye bahasha, unaifunga na kumkabidhi Katibu, ndipo unaendelea. Pamoja na kitabu lilikwenda daftari la mistari la kurasa 96, ambamo kila msomaji aliandika swali moja analotaka kujua kuhusu wakati ule, na anayejua, au mwenye mzee nyumbani anayejua, akajibu chini yake.

Bahasha zilikuwa wazo la Katibu, na zilitufurahisha. Daftari lilikuwa wazo la Maalim wetu mstaafu, na ndilo lililotufundisha. Nalisoma mara kwa mara usiku. Swali la pili kabisa linauliza: kabla ya simu, khabari ya kifo ilitokaje shamba ikafika mjini, na ilichukua muda gani? Majibu yamejaa kurasa tatu, kwa hati tano tofauti. Mmoja anamtaja babu yake aliyekuwa akipanda baiskeli usiku na taa ya dinamo, mwengine anakumbuka gari la abiria la alfajiri na dereva aliyekuwa akipewa ujumbe wa mdomo, na mtu aliyeupokea alitakiwa aurudie neno kwa neno kabla gari haijaondoka. Soma hayo, kisha rudi kwenye kitabu, utaona kwamba saa moja ya kuchelewa kwa khabari ni jambo kubwa kwa mpelelezi.

Kuna aliyeuliza kwa nini bibi yake mpaka anakufa alikuwa akihesabu kwa rupia. Jibu lilitoka kwa Maalim: rupia ilikuwa fedha ya hapa mpaka mwaka 1936, ilipokuja shilingi ya Afrika Mashariki, na rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Sarafu ziliondoka, ndimi za wazee hazikuondoka. Chini yake mtu ameandika kwa penseli, "Hata mama yangu." Hana la zaidi, lakini nilifurahi kuiona mistari hiyo miwili imekaa pamoja.

Sasa nifike mwezi wa tano, kitabu kilipokwama.

Mwanachama wetu wa Jang'ombe alikichukua kwa wiki mbili kama wengine. Zikapita. Ikaingia wiki ya tano, kisha ya saba. Simu alipokea, na kila mara alijibu kwa adabu, "Bado kidogo, Mwenyekiti." Waliokuwa kwenye foleni walinuna, na wana haki. Kamati ikaniagiza niende mwenyewe nikakidai, na faini juu.

Nilikwenda baada ya sala ya isha. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikasikia sauti yake inasoma, polepole, kama msomaji wa taarifa ya khabari redioni. Nilipopiga hodi na kuingia nilimkuta kwenye mkeka, simu ameilaza juu ya kikombe ili tochi iangaze ukurasa, na babake amekaa kitandani mgongo ukutani, bakora mapajani. Mzee hajaona kwa miaka mingi. Binti akitaka kusimama, mzee akamwambia, "Malizia hapo, mgeni atasubiri." Nikasubiri.

Hakuwa akisikiliza tu. Kila baada ya kurasa mbili alisema "rudia," na binti akarudia. Alikuwa akigonga bakora kidogo mahali ambapo mtu fulani anasema neno asiloliamini. Kurasa tatu kwa usiku, basi, ndivyo alivyotaka mwenyewe, kwa sababu mchana kutwa alikaa kuzifikiri. Ujanani mwake alikuwa mchumaji wa karafuu. Lililomshughulisha zaidi ni kwamba maiti ya Bwana Ali, anayeuawa kwenye hadithi, inakutwa kwenye mzimu. Nilimuuliza kwa nini jambo hilo limemshughulisha hivyo. Akanieleza mzimu ulivyokuwa kwao: pango au mbuyu, ubani, vitambaa vyeupe na vyekundu vimefungwa, maji ya mawaridi, na nyakati ambazo mtu haendi. Akasema, "Nyinyi mnasoma mahali. Sisi tulipoambiwa mzimuni, tuliuliza kwanza: nani angethubutu kwenda?"

Nimeisoma riwaya hii mara mbili tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza hivyo. Niliondoka bila kitabu na bila faini. Niliieleza kamati, na wote walikubali, isipokuwa mmoja aliyeona kwamba kanuni ni kanuni. Nilimheshimu, na baadaye naye alikwenda kumsalimia mzee, akarudi na maswali mawili ya daftari.

Mzee naye alitia bahasha, kwa hati ya binti yake. Alikosea. Wanachama 22 wamekisoma kitabu mwaka huu, na waliomtaja muuaji sawasawa kabla ya uzi ni watatu tu. Lakini sababu alizotoa mzee zimejaa kurasa mbili, na Maalim amezisoma akasema kwamba angekuwa hakimu angetaka kumsikiliza zaidi. Sitazisoma hapa, maana wapo humu ambao zamu yao haijafika.

Hilo linanileta kwenye jambo lililoniuma. Mwezi wa nane, kwenye shughuli ya harusi, jina la muuaji lilitajwa mbele ya wanachama wawili waliokuwa bado kwenye foleni. Aliyelitaja hakukusudia ubaya. Alikuwa amejaa furaha ya kitabu alichokimaliza jana yake. Amekwisha kuomba radhi, na wenzake wamemsamehe. Hata hivyo nataka tulitazame kwa uzito wake. Anayeazimwa riwaya ya namna hii anaazimwa pia siri, na siri ile haikuwa mali yake peke yake. Wale wawili walikisoma kitabu baadaye kama wajibu, bahasha hawakutia, na mmoja wao aliniambia kwamba kila mara yule mtu alipoingia kwenye hadithi yeye alihisi kama taa imewashwa kabla ya wakati. Hatuwezi kumrudishia usomaji wake wa kwanza. Kamati imeongeza kifungu kwenye karatasi ya zamu: mazungumzo ya yaliyo nyuma ya uzi yafanyike kwenye kikao cha waliomaliza, si penginepo.

Vijana wetu walishauri kitabu kipigwe picha kurasa zote kitumwe kwa WhatsApp, kila mtu asome kwa wakati wake. Nimelifikiria kwa muda mrefu kabla ya kukataa. Kwanza ni haki: mwandishi alifariki 1991, lakini hakimiliki haifi siku moja na mwandishi, na Zanzibar tuna sheria yake tangu 2003. Kuazimana nakala tuliyoinunua ni jambo moja, kuizalisha ni jambo jengine. Pili, ukweli ni kwamba kama tungekuwa na nakala 22, mimi nisingekwenda Jang'ombe. Watu wa Fuoni wasingepita Mkunazini kuchukua kitabu na kuishia kunywa kahawa barazani. Wanachama wawili ambao hawakuwa wakisalimiana, na sababu yake tunaijua, walilazimika kupokezana kwa sababu majina yao yalifuatana kwenye orodha. Walipeana salamu mlangoni. Kwa sasa inatosha.

Hali ya kitabu: kimechoka, lakini kizima. Kimerudi mara moja kikinuka udi kwa kuwekwa kwenye sanduku la nguo, na kwa hilo sina malalamiko. Mende walikuwa wameanza kula gundi ya mgongoni. Mwanachama wetu fundi amekishona upya kwa uzi wa katani na gundi ya unga wa ngano aliyoipika na chembe ya mrututu, na ameibakisha ile kadi ya boksi na mishono yake sita, kwa ombi langu. Tafadhali msikiache dirishani. Hewa ya bahari inakunja karatasi, na kurasa za katikati zina mawimbi ambayo hayatanyooka tena. Chai pia. Kuna duara moja la kikombe, sijauliza la nani.

Fedha, kwa ufupi: wanachama ni 31, ada zimelipwa isipokuwa za watu wanne ambao wameahidi mwezi huu, na hesabu kamili ataisoma Mweka Hazina. Vikao vilikuwa tisa badala ya kumi na viwili kwa sababu ya Ramadhani na mvua za masika.

Kamati inaleta mbele yenu maombi mawili. La kwanza, ununuliwe mtumba mwengine wa mwandishi huyuhuyu. Mapendekezo yaliyotajwa zaidi ni Kisima cha Giningi cha 1968, na tayari daftari lina maswali juu ya Giningi yenyewe na wachawi wanaosemwa kukutana huko, kabla hata hatujakiona kitabu. Nakala iwe moja tu, kama hii.

La pili ni zito zaidi. Katiba yetu inasema mwanachama ni "mtu anayesoma." Ninaomba iongezwe, "au anayesomewa." Mzee wa Jang'ombe amekitumia kitabu hiki kuliko yeyote kati yetu, na kwa maandishi tuliyo nayo hana nafasi kwenye orodha. Binti yake yupo hapa leo na ameniambia babake yuko tayari kulipa ada, lakini anataka kuandikwa kama mwanachama, si kama mgeni wa heshima. Kura ipigwe kwa mikono baada ya hesabu za Mweka Hazina.

Bado kuna wanachama tisa kwenye foleni. Zamu inayofuata ni ya Bi Msaidizi wa Katibu. Kitabu, daftari na uzi mwekundu vipo hapa mezani. Avichukue kikao kikimalizika na atie saini.

Wasalaam,
Mwenyekiti