Krismasi njema kutoka chini ya mwembe

Mwangaluka ndugu zangu, Krismasi njema na heri ya mwaka mpya kwa mlioko Mwanza, mlioko njiani, na nyie wa Dar mnaolia nauli kila Desemba. Wa Sengerema na Geita ndo kabisa hamna kisingizio, daraja la Kigongo-Busisi lipo tangu 2025, habari ya kuoza kwenye foleni ya kivuko imekwisha.

Mi msimu wa senene ukifika tu nakumbuka ile baa ya zamani ya mtaa wa nyuma karibu na bandari, jina silitaji, wahusika mnaijua na wife yumo humu 😂

Mzee wangu alikuwa mtu wa reli, alikuwa anasema ile baa haikuwekwa pale kwa ajili ya walevi, iliwekwa kwa ajili ya wanaosubiri. Na kweli bana. Treni imefika Mwanza 1928 ikitokea Tabora, MV Victoria ikaja 1961, na meli ya Bukoba inang'oa nanga saa tatu usiku, sasa mtu kashuka na treni asubuhi na mabegi na kuku wake atakaa wapi mda wote huo? Anakaa pale, mzigo anauacha kaunta, anaanza na chai, mchana supu ya sato, jioni ndo bia, afu honi ikilia unaona watu wanatoka mbio hata bili hawajalipa. Mama mwenye baa wala hakimbizani na mtu, anaandika kwenye daftari, utalipa ukirudi.

Baada ya vita ya Kagera bia ikawa adimu, mzee anasema kreti zikishushwa mtu anaagiza nne kwa mpigo anazipanga mezani, maana ukisema uanze na moja ya pili huikuti. Za moto hizo, na hakuna aliyenuna.

Halafu Mei 21, 1996. Nilikuwa bado shule ya msingi. Watu walikuja asubuhi kupokea ndugu zao wa MV Bukoba, ile meli iliyozama, wakaishia kujaa pale baa kusikiliza redio, yule mama siku ile hakuuza hata chupa moja, alichemsha chai sufuria kubwa akawa anagawa. Kwenye daftari lake kulikuwa na madeni ya watu ambao hawakufika. Hakumdai mtu yeyote wa familia zao, na majina hakuyakata.

Victoria iliposimama 2014 baa nayo ikapoa, upande wa mbele wakageuza duka la vocha. Meli ilirudi 2020 imekarabatiwa vizuri tu ila wengi walishazoea basi, na anayesubiri siku hizi anasubiri na simu yake, ukimsalimia anatoa earphone moja. Silaumu, hata mimi nimo kwenye kundi hilo.

Ila mwembe upo na meza mbili zipo. Yule mama kazeeka lakini bado anakaa mlangoni na kitenge chake, juzi kaniuliza "baba yako bia mbili zile alilipa?" nikalipa mimi.

Kwahiyo tarehe 26 kuanzia saa kumi nipo pale, msiokunywa soda zipo, senene nimeshaagiza debe zima toka Bukoba. Atakayechelewa atakuta mabawa.