Watoto wamezijua sauti, sasa wapeni vitabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie suala la kusoma katika madarasa ya chini ya shule za msingi, hususan darasa la kwanza na la pili, ambako nilifundisha kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu kabla ya kustaafu. Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa husikika malalamiko ya aina mbili: wapo wanaodai kuwa watoto hawajui kusoma kwa sababu walimu wameacha njia za zamani, na wapo wanaodai kuwa watoto wa siku hizi hawapendi kusoma kwa sababu ya televisheni na simu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinapita kando ya tatizo. Njia ya kufundishia tuliyo nayo sasa ni nzuri, ila mtoto akishaimudu hakuna cha kusoma, na mara nyingi hata kidogo kilichopo kimefungiwa.

Wasomaji watakumbuka kuwa mwaka 2012 nchi ilipata fedheha ilipobainika kuwa wanafunzi zaidi ya 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 2015 ukaja mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, uliopunguza mlundikano wa masomo na kuelekeza sehemu kubwa ya vipindi kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Walimu wengi tulipelekwa kwenye mafunzo, na humo ndimo tuliposisitiziwa kuwa mtoto aanze na sauti ya herufi kabla ya kukaririshwa jina la herufi hiyo.

Asiyewahi kusimama mbele ya darasa la kwanza anaweza kuona jambo hilo ni dogo. Watoto wengi hufika shuleni wakiwa wamekwisha kuimba herufi kwa majina ya Kiingereza, na wazazi hujivunia sana wimbo huo. Mwambie mtoto wa namna hiyo aunganishe "em" na "a", atakujibu "ema", na wala hajakosea, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Aliyefundishwa kuwa m ni mguno wa midomo iliyofumbwa hupata "ma" papo hapo, na akiirudia tayari amesoma neno "mama". Kiswahili chenyewe kinamsaidia, maana irabu zetu tano hazibadili sauti popote ziwekwapo, jambo ambalo mtoto wa Uingereza angelitamani. Kwa hiyo mwalimu mzuri huanza na irabu, kisha huongeza konsonanti chache zinazotumika sana, kama m, k, t na l, ili katika muda mfupi mtoto asome maneno anayoyajua, kama "kaka", "mate" na "kalamu", badala ya kusubiri mpaka herufi zote ziishe.

Magumu huja baadaye. Kuna m ya "mtu" inayosimama peke yake kama silabi, kuna mb na nd, na kuna ngoma na ng'ombe, ambapo ritifaa moja ndogo inabeba tofauti yote. Katika shule niliyofundisha mkoani Mara, watoto wengi walichanganya l na r kwa sababu katika lugha ya nyumbani kwao tofauti hiyo haipo. Mtoto huyo haoni kosa lake kwa kuwa sikio lake halilisikii, na sijawahi kuona fimbo iliyofundisha sikio. Kilichosaidia ni kuchezea maneno kwa mdomo kabla ya kushika chaki: vitendawili, nyimbo, na vitanza ndimi kama kile cha katibu kata wa kata ya Mkata, ambacho darasa zima hukirudia kwa vicheko huku likizoea k na t bila kujua kuwa linafundishwa.

Hatari ya njia ya sauti ni mwalimu kuridhika mapema. Nimewahi kuingia katika darasa ambalo watoto waliimba "ba be bi bo bu" kwa sauti ya kutikisa bati, na mwalimu alipoisogeza fimbo yake kwenye "bo" bila kufuata mpangilio, wao waliendelea na "bi". Wengine huvuka hapo lakini hukwama mbele kidogo. Mtoto anakutana na neno "amewapikia", analisoma a-me-wa-pi-ki-a, kila silabi sahihi, kisha ukimuuliza nani amepika na nani wamepikiwa, anakutazama tu. Lugha yetu hufungasha mtendaji, wakati, watendewa na tendo ndani ya neno moja, na mtoto anayelipita kwa mwendo wa konokono hufika mwisho wake akiwa amekwisha kusahau mwanzo. Dawa ni kumwambia alirudie hapohapo kama anavyolitamka nyumbani, kisha asome sentensi nyingine, na nyingine tena. Tathmini zetu zimeweka kipimo cha maneno 50 kwa dakika kwa mwanafunzi wa darasa la pili, na sikipingi, kwa sababu kasi husaidia maana kushikamana. Ila kasi hiyo haiji kwa kuwekewa saa puani, huja kwa kusoma mengi.

Mengi hayo yako wapi? Kitabu cha kiada ni kimoja, na tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 zipo shule ambazo kitabu hicho hugombewa na watoto wanne au watano. Kufikia muhula wa pili wamekikariri chote, na mgeni akija wanamsomea hata kikiwa kimeshikwa juu chini. Hadithi za Kiswahili za watoto zimeandikwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanza mwaka 1991 ulisaidia kuchapishwa kwa vitabu vingi na kuvifikisha shuleni, na mashirika mengine yakafuata. Hata hivyo, katika shule moja niliyoitembelea baada ya kustaafu, nilikuta maboksi mawili ya vitabu vya hadithi kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, gundi ya karatasi ikiwa haijabanduliwa, na darasa la pili likiwa hatua chache kutoka hapo likinakili sentensi ubaoni.

Simlaumu mwalimu mkuu yule. Vitabu vimeingizwa kwenye leja kama madawati na majembe, na mkaguzi akija huuliza vimebaki vingapi, haulizi vimesomwa na wangapi. Kitabu kikichanika au kikipotelea nyumbani kwa mwanafunzi, anayeandikiwa barua ni mwalimu, na wapo walioambiwa walipe. Mtu mwenye akili timamu atafunga kabati na kuweka ufunguo mfukoni. Naomba Wizara na halmashauri zitamke kwa maandishi kuwa kitabu cha hadithi kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake, na kwamba kiasi fulani cha upotevu kwa mwaka kinakubalika bila mwalimu kuhojiwa.

Ombi la pili halina gharama. Kila siku, hata kwa dakika kumi za mwisho wa vipindi, mwalimu awasomee watoto hadithi kwa sauti, bila maswali wala mtihani baada yake. Watoto wetu wamezaliwa ndani ya "Paukwa! Pakawa!", na mwalimu akianza hivyo kisha akafungua kitabu, wanaelewa mara moja kuwa mambo ya bibi yanapatikana pia kwenye karatasi. Akikatisha hadithi sungura akiwa mtegoni, wengine watamfuata mapumziko wakikitaka kitabu chenyewe, na hapo ndipo zile sauti walizofundishwa zinapopata kazi.

La tatu linawahusu wakuu wa shule. Walimu hodari hupangiwa darasa la nne na la saba kwa sababu ya mitihani ya taifa, na darasa la kwanza huachiwa mgeni au anayesubiri kustaafu. Nami niliwahi kuwa mgeni huyo, hivyo nasema kwa adabu tu: anayejua kufundisha kusoma akae anakohitajika.

Kwa wazazi nina neno moja. Katika kikao kijacho cha shule, mwenyekiti akimaliza kuzungumzia michango ya chakula na ukarabati wa vyoo, mzazi mmoja anyanyuke aulize shule ina vitabu vingapi vya hadithi, na mara ya mwisho mwanafunzi kupewa kimoja aende nacho nyumbani ilikuwa lini.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga.