Halmashauri zinunue hadithi za watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyelalamika hivi karibuni kwamba watoto wetu wanakua na hadithi za ugenini kwa sababu waandishi wa Tanzania wamelala. Uchungu wake naufahamu. Mzazi anaingia duka la vitabu kutafuta hadithi ya Kiswahili ya mtoto wa miaka saba, anatoka na daftari la kupaka rangi. Lakini hatujalala. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili wilayani Muheza mpaka nilipostaafu, na nimekuwa nikiwaandikia watoto tangu miaka ya tisini. Namwomba ndugu yangu huyo anisikilize nimweleze kazi hii inavyokwenda, kisha aamue mwenyewe lawama aipeleke wapi.

Wengi wanadhani hadithi ya mtoto ni nyepesi kwa kuwa ni fupi. Kitabu cha picha cha darasa la kwanza huwa na kurasa 16 au 24, kwa sababu mtambo unachapa karatasi kubwa ambayo baadaye hukunjwa na kukatwa, na kurasa zinatoka kwa mafungu. Huwezi kumwambia mpiga chapa akuongezee ukurasa mmoja kwa kuwa hadithi imekunogea. Katika kila ukurasa una sentensi moja, pengine mbili. Na msomaji wako ndiyo kwanza anaunganisha ba, be, bi. Kuku, paka na bata anawaweza. Mbwa na ng'ombe bado ni mlima kwake, basi wasubiri kitabu cha mbele. Kwa maneno hayo machache uliyoruhusiwa lazima mtoto acheke, aogope kidogo, na atake kufunua ukurasa unaofuata. Nimewahi kukaa na sentensi moja ya maneno manne kuanzia Mfungo mpaka Sikukuu.

Halafu kuna mchoraji. Mwandishi anayeanza huandika kila kitu: msichana alivaa gauni jekundu, alisimama chini ya mchungwa, alikuwa analia. Mchoraji mzuri akishaweka gauni, mchungwa na machozi, maneno yale yote hayana kazi tena, unayafuta. Kilichonifundisha kukata zaidi ya kitu kingine chochote ni michoro ya wenzangu ikirudi mezani.

Na kabla ya mhariri, miswada yangu huhaririwa na watoto. Nilipokuwa kazini niliwasomea darasani dakika za mwisho kabla ya kengele. Sasa nawasomea wajukuu na watoto wa majirani barazani kwangu, Jumamosi baada ya kazi za nyumbani. Mtoto hajui kukusifia kwa adabu. Akianza kuchomoa uzi wa sweta au kumfinya mwenzake, mahali hapo hadithi imekufa. Kuna hadithi niliyoandika ya familia inayokwenda Tanga mjini kumuuguza bibi yao kwa siku tatu. Nilidhani imekamilika. Mtoto mmoja akaniuliza, "Na mbuzi wao nani alimpa majani?" Nikarudi mezani nikamtafutia mbuzi yule jirani wa kumwangalia, na jirani huyo ndiye watoto wanayempenda kuliko wote humo ndani.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo malalamiko ya msomaji wetu hayakufika.

Njia ya kwanza ya kumlipa mwandishi ni mrabaha. Chukua kitabu cha shilingi 5,000 na mwandishi mwenye asilimia 10. Kila nakala inayouzwa inampa shilingi 500. Zikiuzwa nakala 1,000 amepata 500,000. Hapo inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, anabaki na 425,000. Nakala 1,000 za hadithi ya watoto zinaweza kuchukua miaka kumalizika dukani. Na kama kitabu ni cha picha, mchoraji naye ana haki yake, basi mara nyingi asilimia hiyohiyo inagawanywa.

Njia ya pili ni kuuza mswada kwa mkupuo, ulipwe mara moja na mambo yaishe. Hapa Muheza biashara ya namna hii hakuna asiyeijua. Mkulima aliyebanwa na ada ya mtoto anamuuzia mnunuzi machungwa yakiwa bado mabichi mtini, shamba zima kwa bei moja, na yakishaiva bei ikapanda, yeye anayatazama yakipita ndani ya lori. Mimi nami niliuza mswada namna hiyo mwaka ambao binti yangu alikuwa anaingia sekondari. Mchapishaji, ambaye simtaji, alilipa tulichokubaliana na hakuvunja mkataba. Kitabu kimechapwa tena na tena tangu hapo. Nimekikuta katika shule za mikoa ya mbali, jalada limetoka, pembe zimeliwa kwa kusomwa, na moyo wangu ulifurahi sana kukiona kimechakaa hivyo. Senti nyingine haijaja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini haki ya mapato ukishaiuza, imekwenda.

Kwa hiyo ukitafuta mwandishi wa watoto anayeishi kwa kalamu peke yake, utatafuta sana. Elieshi Lema, ambaye vitabu vyake nimewasomea watoto wengi, alikuwa mmoja wa waasisi wa kampuni ya uchapishaji ya E & D ya Dar es Salaam. Richard Mabala alikuwa mwalimu. Ken Walibora wa Kenya, aliyefariki Aprili 2020, alikuwa mtangazaji na mhadhiri huku akiwaandikia watoto na watu wazima. Meshack Asare wa Ghana, anayeandika na kuchora mwenyewe, naye alitoka katika ualimu. Alipata Tuzo ya Noma ya vitabu vilivyochapwa Afrika mwaka 1982, na mwaka 2015 akapata tuzo ya NSK Neustadt ya fasihi ya watoto huko Marekani. Hata Astrid Lindgren wa Sweden, ambaye dunia nzima inamjua, alikuwa na ajira ya uhariri katika kampuni ya uchapishaji kuanzia 1946 mpaka 1970. Asubuhi aliandika, mchana alikwenda ofisini.

Siwataji kwa kulalamika. Ualimu umenipa zaidi ya mshahara: umenipa masikio. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu mwenye kazi mbili zinazosaidiana na mtu anayeiba saa za usingizi kuandika kitabu ambacho anajua hakina mnunuzi. Wa kwanza ataandika kitabu cha pili, cha tatu, cha saba. Wa pili ataandika kimoja. Na uandishi wa watoto haukomai katika kitabu kimoja. Cha kwanza changu, nikikisoma leo, kina mahubiri mengi. Mtoto anakosea, mtoto anaadhibiwa, mtoto anaahidi kuwa mwema. Ilinichukua vitabu kadhaa kuamini kwamba mtoto anaweza kuelewa bila kuhubiriwa. Nisingepata nafasi ya kuviandika, nisingefika.

Mtazame Barbara Kimenye, mwandishi wa habari wa Uganda aliyefariki mwaka 2012. Hadithi zake za mvulana Moses zilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya sitini. Zilipata wasomaji shuleni katika nchi nyingi za Afrika zinazosoma Kiingereza, na kwa sababu shule zilizibeba, kikaja kitabu cha pili cha Moses, cha tatu, na vingine vingi nyuma yake. Kipaji alikuwa nacho, sawa, lakini pia alikuwa na mahali pa kukipeleka.

Sisi nasi tulikuwa na mahali. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Walimu na waandishi chipukizi waliitwa kwenye warsha. Tulifundishwa uandishi, wachoraji walifundishwa uchoraji wa vitabu, wahariri nao vivyo hivyo. Lakini ufundi wote huo ungebaki darasani kama mradi usingefanya jambo moja: mswada ukishapita, mradi ulimhakikishia mchapishaji kwamba utanunua zaidi ya nusu ya nakala atakazochapa, na nakala hizo zikapelekwa shuleni. Mchapishaji hakuogopa tena. Alijua gharama ya mtambo na karatasi imerudi kabla wino haujakauka, na zile nyingine akazipeleka dukani kutafuta faida. Kizazi changu cha waandishi wa watoto kilizaliwa kwa ahadi hiyo ya kununua.

Halafu mambo yalibadilika. Zaidi ya miaka kumi iliyopita vitabu vya kiada, yaani vile vya kufundishia masomo darasani, vilirudi mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Sina ugomvi na uamuzi huo, kwani ule utitiri wa vitabu vya kiada vyenye makosa tuliuona sisi walimu kwa macho yetu. Ila kiada ndicho kilichokuwa kinamlisha mchapishaji binafsi, na kwa faida ya kiada aliweza kubahatisha hadithi mbili tatu kwa mwaka. Kiada kilipoondoka, hadithi ndiyo ya kwanza kukatwa. Miswada yangu ya miaka hiyo ilirudi na barua za heshima zenye maneno karibu yaleyale: hadithi nzuri, soko hakuna.

Najua nitaambiwa kuna tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi hiyohiyo, ilianza kutolewa Aprili 2023 kwa riwaya na ushairi, na baadaye hadithi za watoto zikaongezwa. Niliposikia zimeongezwa nilimpigia simu mwalimu mwenzangu wa zamani usiku uleule, tukazungumza mpaka salio likaisha. Ni heshima ambayo hatukuwahi kupewa. Lakini tuzo inamfikia mshindi na wachache wanaomfuata, mara moja kwa mwaka. Mwandishi wa nne mpaka wa mia mbili, ambao baadhi yao wameandika vitabu ambavyo mtoto wa Kibondo au Tunduru angevipenda, wanarudi na miswada yao nyumbani. Mtoto naye hawezi kusoma tuzo.

Wenzetu walioendelea wana mpango mwingine ninaoutamani. Denmark tangu 1946 inawalipa waandishi kwa vitabu vyao vilivyomo katika maktaba za umma. Uingereza nayo ilitunga sheria ya kuwalipa kila kitabu kinapoazimwa mwaka 1979. Lakini kwetu mpango huo utangoja, maana wilaya nyingi hazina maktaba ya kuazima kitabu. Tuanze na kinachowezekana.

Pendekezo langu ni hili. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Kila halmashauri inunue nakala 30 za kila hadithi mpya ya watoto iliyopata ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni, izigawe kwenye shule zake za msingi. Nakala 30 za shilingi 5,000 ni shilingi 150,000. Kwa hadithi kumi kwa mwaka ni milioni moja na nusu kwa halmashauri, fedha ambayo haijengi hata choo cha shule. Lakini zidisha 30 kwa 184: ni nakala 5,520 za kitabu kimoja, zimenunuliwa kabla mtambo haujawashwa. Mchapishaji yeyote atachapa. Mwandishi, kwa mrabaha wa asilimia 10, anapata 2,760,000, na baada ya kodi ya zuio anabaki na 2,346,000. Hatajenga ghorofa. Atalipa ada, atanunua kompyuta ndogo iliyotumika, na ataanza hadithi nyingine bila kuona aibu mbele ya mumewe au mkewe kwamba anapoteza muda.

Nani achague hizo kumi? Nisingependa wachague maofisa peke yao. Kamati iwe na walimu wa madarasa ya chini, na kila mswada usomwe kwa sauti mbele ya darasa la watoto, wanakamati wakiwa wamekaa nyuma wakiwatazama watoto, wakiacha karatasi pembeni. Darasa likichoka, mswada urudi kwa mwenyewe akautengeneze.

Fedha za kuanzia zipo mahali pengi. Ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati yake ni za vitabu. Kiada kichukue kinachostahili, lakini si haki fungu lote la vitabu limpatie mtoto vitabu vya kufanyia mitihani tu, asibaki hata na kimoja cha kusoma kwa sababu anakipenda. Halmashauri nazo zina mapato ya ndani. Yetu inatoza ushuru wa mazao, na katika msimu malori ya machungwa yanapita hapa usiku na mchana kuelekea Dar es Salaam na Kenya.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini mabaraza ya madiwani hujadili bajeti miezi mingi kabla. Kwa upande wangu nimeshaandika barua kwa diwani wa kata yangu yenye hesabu hizi hizi, na nimemwomba nafasi ya kuzieleza mbele ya kamati inayohusika na elimu. Nitakwenda na vitabu vyenyewe ili wajumbe wavishike. Msomaji aliyesema tumelala, kama yuko radhi, afanye hivyo hivyo katika wilaya yake, na akitaka mtu wa kumsaidia kuandaa hesabu aniandikie kupitia gazeti hili.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga