Laini au gumu?

Tanga, 9 Novemba 2014

Kwako mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, hofu ni kwako tu. Mimi tangu Agosti, chombo cha angani Rosetta kilipofika kwenye kometi 67P, ile nyota mkia, baada ya miaka 10 njiani, silali kabla ya kuzitazama picha zake. Na Jumatano hii Shirika la Anga la Ulaya linakishusha kile chombo kidogo, Philae!

Uliniuliza kitatua juu ya barafu au mwamba. Mimi nasema si hiki wala kile. Kometi lile ni jeusi kama makaa. Mwezi Julai walipima kwa mbali joto la uso wake, wastani nyuzi 70 chini ya sifuri; barafu tupu ingekuwa baridi zaidi. Kwa hiyo juu ni vumbi. Tena kometi lenyewe ni jepesi mno, ukilitia baharini lingeelea. Ila kuna magenge yaliyosimama wima, na jabali moja lina upana wa mita 45. Vumbi tupu halisimami hivyo, Zuhura. Kuna kitu kinaligandisha.

Jana nilikwenda jaani, pale tunapomwaga jivu la jikoni. Mvua ililinyeshea, jua likalikausha. Juu limefanya gamba. Nilipobonyeza kwa kidole gumba likavunjika, chini vumbi laini. Huko kwenye kometi naona mambo yako kinyume. Jua likipiga, barafu ya juu inageuka mvuke, mwingine unatokomea angani, mwingine unapenya chini na kuganda tena. Basi juu vumbi, chini yake gamba gumu. Unene wa hilo vumbi ndio unaoninyima usingizi.

Maana Philae, kilo 100 hapa duniani, kule kitakuwa chepesi kama kitu cha gramu 1. Kitashuka kwa muda wa saa 7 bila usukani, hata kikiona jabali hakikwepi. Kina vyusa viwili vya kujichoma ardhini na skrubu miguuni. Vumbi likiwa jembamba, chusa kitagonga gamba na chombo kitadunda kama mpira. Naomba Mungu nisiwe nimepatia.

Habari itafika kama saa 1 jioni yetu, ikiwa imesafiri dakika 28. Barua hii naipeleka kwenye basi la asubuhi. Ikikufikia kabla ya Jumatano, nitumie ujumbe wa neno moja: laini au gumu.

Wako,
Mwanaidi